Jinsi Nilivyowatimua Panya wa Bandani

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu ametoka zamu asubuhi, akapitiliza bandani kabla hata ya kuvua sare ya hospitali. Akarudi na gunia la chakula cha kuku, akaliweka mezani mbele ya chai yangu. Gunia limetobolewa chini. Pumba zikamwagikia kitambaa cha meza, na ndani ya pumba vipunje vyeusi, vyembamba, vingi.

Nikamwambia ni mbegu za majani. Akaniuliza tangu lini mbegu za majani zikanuka mkojo. Nikanywa chai yangu. Mtu mwenye busara hujua wakati wa kunyamaza.

Panya, basi. Bandani mwetu.

Niandike hapa jambo ambalo mtaa mzima unalijua: banda lile nililijenga mimi. Si seremala. Mimi, mchora mabango, ninayeitwa Brashi kuanzia sokoni hadi kituo cha mabasi. Kuta za mbao, paa la bati, mlango wa kijani wenye neno KARIBUNI kwa herufi za kivuli, zile ambazo wachoraji wa siku hizi hawaziwezi. Kuku wenyewe ni wa mke wangu. Aliwanunua wakiwa vifaranga, akawalea chumbani kwetu ndani ya boksi, chini ya balbu, nami nikawa nalala nimejifunika shuka usoni. Kwa hiyo kuku wake, jumba langu. Na sasa kuna wapangaji ambao hawakubisha hodi.

Mke wangu si mtu wa maneno mengi. Amesema mayai yamepungua. Amesema kuku hawalali kwa sababu panya wanawapita miguuni, na kwamba Meneja, yule jike mweusi anayewatawala wenzake, amenyong'onyea na hataki kula. Kisha akasema Jumamosi atakuwa nyumbani, na ikifika Jumamosi panya bado wapo, kuku wote anawapeleka kwa dada yake.

Nikamwambia Jumamosi ni mbali mno, mimi zinanitosha siku mbili. Akanitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayesema hana homa.

Halafu akatoka, akavua viatu, akakaa juu ya ndoo aliyoipindua pale uani, kuku wakamzunguka. Hivyo ndivyo anavyofanya kila akitoka zamu. Yuko wodi ya wazazi. Usiku kucha anapokea watoto wa watu. Anakaa pale na miguu yake iliyovimba, anaongea na kuku kwa sauti ndogo, na baada ya muda namsikia akiimba kidogo. Leo hakuimba.

Kuku wale hawaendi kwa dada yake. Nimeshaamua.

Jirani yetu Sindano, fundi cherehani, alikuwa anasikiliza juu ya uzio. Naye anafuga. Bila kuulizwa akanieleza kwamba chakula chake hukaa ndani ya pipa la bati lenye mfuniko, kwamba jioni huviondoa vyombo vya kulishia, na kwamba ule mrundo wa mabango makuukuu nilioegemeza nyuma ya banda ungefaa uondolewe, maana panya hupenda mahali kama pale.

Mrundo. Kazi yangu ya maisha anaiita mrundo. Humo lipo bango la duka la viatu ambalo watu walikuwa wakisimama barabarani kulitazama, mpaka dereva mmoja akagonga nguzo. Nikamwambia asante jirani, nitalifikiria. Sitalifikiria.

Akanikumbusha pia kwamba Jumamosi hiyo hiyo afisa mifugo anapita mtaani kuchagua banda la mfano, litakalokuwa mahali pa wafugaji wengine kuja kujifunza. Alivyolitamka lile neno "mfano" nikajua tayari ameshajiona mshindi. Pole yake.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka na wazo kamili. Mawazo yangu hayaji vipande vipande kama ya watu wengine.

Kwanza nilipita kwa muuza pembejeo. Akanishauri sumu. Nikamweleza kwamba mke wangu ameikataza kabisa, kwa kuwa panya akila sumu atafia mbele ya kuku, na kuku hachagui, atamdonoa, na hapo utazika wote. Nilimweleza kwa ufasaha kiasi kwamba mteja aliyekuwa nyuma yangu akairudisha pakiti yake rafuni. Muuza pembejeo hakufurahi. Nikaondoka.

Sasa wazo lenyewe. Panya anamwogopa nani? Paka. Paka halisi anahitaji kulishwa, analala mchana, anazurura. Lakini paka aliyechorwa haondoki zamuni. Na katika mtaa huu mzima ni nani mwenye uwezo wa kuchora paka ambaye hata panya atamwamini? Jibu linajulikana.

Nimefanya kazi tangu asubuhi, nimepiga magoti ndani ya banda, kwa rangi ya mafuta. Paka wa rangi ya machungwa mwenye milia, amejaza ukuta mzima wa ndani, mgongo juu, makucha nje, meno nje. Macho niliyachora kwa ile mbinu ya macho yanayokufuata popote uendapo. Nilipomaliza nilirudi nyuma kumtazama, nywele zikanisimama shingoni. Sijawahi kufanya kazi bora kuliko hii. Nilisikitika kidogo kwamba watazamaji wake watakuwa panya.

Jua lilipoanza kuzama kuku wakarudi kulala. Meneja akatangulia kama kawaida. Akaingiza kichwa mlangoni. Akakitoa. Akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwa kiumbe yeyote, na wote wakatawanyika.

Mmoja alitua kwenye kamba ya nguo, juu ya sare safi za mke wangu. Mwingine juu ya bati. Waliobaki wakaruka uzio, mmoja baada ya mwingine, wakajipanga, wakaingia kwa utulivu mkubwa katika banda la Sindano.

Sindano akachungulia na futi yake ya kushonea ikining'inia shingoni. Akasema nisiwe na wasiwasi, nafasi ipo, wageni ni baraka. Nikamwambia kwamba wanabadilisha hewa tu.

Mke wangu alikuwa anaondoka kwenda kazini. Aliinama, akachungulia bandani, akakaa vile kwa muda. Akasema yule paka amependeza. Akachagua sare isiyo na kinyesi, akaenda.

Amependeza. Neno lake mwenyewe. Nimeliandika hapa lisije likasahaulika.

Jumatano, 5 Juni, asubuhi

Nimekagua banda. Chini ya paka wangu, katikati kabisa ya makucha ya mbele, panya wameacha kinyesi. Kingi. Ni kama wamekaa pale kumtazama.

Nimetafakari. Kosa si la mchoro. Panya haoni vizuri, hivyo hajui sanaa. Kuku anaona vizuri, ndiyo maana alikimbia. Kwa hiyo mchoro umefaulu. Umefaulu kwa upande usiotakiwa tu.

Dawa ni paka halisi, wa muda. Mwenye bucha analo dume moja nene, kovu usoni, sikio nusu. Nimemwomba anikopeshe hadi kesho. Amesema nimchukue, ila amenionya kwamba hapendi kuona paka mwingine kwenye himaya yake. Nikamwambia nyumbani kwangu hakuna paka mwingine.

Jumatano, jioni

Kumbe yupo.

Nilimwingiza yule dume bandani, nikafunga mlango, nikaweka sikio kwenye mbao. Kimya. Halafu mngurumo mrefu. Nikafurahi, nikadhani ameona panya. Kisha kishindo, na kingine, na banda lote likatikisika. Nilipofungua mlango alikuwa anapigana na ukuta. Amemrukia paka wangu kwa miguu yote minne, anamng'ata uso, na rangi ya mafuta, kama kila mchoraji ajuavyo, haikauki kwa siku moja.

Lazima niseme, kama fundi: hakuna sifa kubwa kuliko hii. Watu wanaweza kukusifu kwa adabu. Paka hana adabu. Paka yule aliamini.

Aliponiona alipita katikati ya miguu yangu, akaruka uzio, akaingia kwa dirisha katika chumba cha kushonea cha Sindano, ambako kitambaa cheupe cha mashati ya wanakwaya kilikuwa kimetandazwa mezani chote, tayari kukatwa. Akakivuka chote. Akageuka. Akakivuka tena.

Nilikimbilia huko. Sindano alikuwa amesimama na mkasi mkononi, anatazama nyayo za rangi ya machungwa zilizopangana kutoka upande huu hadi ule. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema taratibu kwamba kitambaa kile kwaya walikisubiri muda mrefu, na kwamba labda ataweza kukata mashati kwa kuyakwepa yale madoa, ila atakesha.

Nilijaribu kufuta unyayo mmoja kwa shati langu, ukapanuka. Mwishowe nikajikuta namwambia kesho nitamchorea bango la duka lake, bure, kubwa, la rangi zote. Sijui lilitokea wapi. Mdomo huwa na mambo yake.

Paka wa bucha nimemrudisha akiwa na milia ambayo hakuja nayo. Mwenye bucha alimgeuza huku na huku, akauliza kama hiyo rangi inatoka. Nikamwambia ni rangi ya daraja la kwanza. Haitoki.

Kuku wamelala kwa Sindano tena.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi.

Niliacha sanaa, nikageukia uhandisi. Ndoo, waya, chupa tupu iliyopitishwa waya ili izunguke juu ya mdomo wa ndoo, na siagi ya karanga katikati ya chupa. Panya anapanda kwa ubao ulioegemea ndoo, anaifuata siagi, chupa inazunguka, yeye chini. Sikuweka maji, mimi si katili, na nilimtaka akiwa hai kwa ajili ya maonyesho. Ndoo niliyotumia ni ile anayoikalia mke wangu. Niliiona inatosha.

Asubuhi hii: panya mmoja ndani ya ndoo. Mnene, mwenye afya, ananitazama kwa dharau.

Nikamhamishia kwenye chupa kubwa ya kioo yenye kifuniko cha matundu, nikamwekea vipande vya gazeti, na kumzungusha mtaani. Nilimwonyesha muuza pembejeo. Nilimwonyesha mwenye bucha, ambaye alisema tu kwamba paka wake hajatoka chini ya kitanda. Nilimwonyesha mwoka mikate, mama mmoja mwenye heshima zake, aliyeniomba nisiingie naye dukani. Kila nilipopita niliwaeleza mbinu. Mmoja aliniuliza ikiwa amebaki huyu mmoja tu. Nikamweleza kwamba huyu ndiye kiongozi, inaonekana kwa unene wake. Ukimshika kiongozi, wengine husambaratika.

Nimemweka kwenye kibanda changu cha rangi. Jumamosi nitamkabidhi afisa mifugo kama ushahidi.

Mchana nilimchorea Sindano bango. Niseme ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma hapa: nilikwenda na nia mbaya. Nilipanga nikosee kidogo. Herufi moja tu ipinde, au sindano niichore butu. Nani angejua? Lakini nilipochovya brashi, mkono ukanigomea. Mkono huu haujui kufanya kazi mbovu. Nilijikuta nimemchorea cherehani inayong'aa, uzi mwekundu unaotoka sindanoni na kujipinda ukaandika neno FUNDI, herufi za kivuli, pembezoni maua.

Sindano aliitwa nje. Macho yake yalikuwa mekundu kwa mkesha. Alisimama barabarani akatazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Akasema ameshona miaka yote mlango wake ukiwa hauna hata jina. Akasema marehemu mkewe angelipenda. Halafu akaenda ndani haraka.

Nilikaa pale kidogo nikijifanya narekebisha ua moja. Lilikuwa sawa.

Nimekuwa namsema vibaya sana kwenye kurasa hizi. Bado nadhani anajidai na pipa lake, lakini mtu anayejua kutazama bango hawezi kuwa mbaya kabisa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda kumsalimia mfungwa. Hayuko peke yake.

Ndani ya gazeti, vitu vya waridi, vidogo kama ncha ya kidole, vinajipindapinda. Sikuelewa. Nikadhani ameugua. Nikasogeza chupa kwenye mwanga, vikafungua midomo.

Kiongozi ni jike. Kiongozi alikuwa mjamzito. Ule unene haukuwa wa madaraka.

Nilikuwa bado nimeishika ile chupa wakati mke wangu anaingia uani kutoka zamu. Hakukuwa na mahali pa kuificha. Akanijia, akaichukua mikononi, akaiinua, akaikagua kwa makini kama anavyokagua kazini. Akasema, "Mama na watoto wote wanaendelea vizuri. Hongera, baba."

Halafu akacheka. Alicheka mpaka akatafuta ndoo yake akae, akaikuta na waya na chupa na siagi, akacheka upya, akakaa chini kabisa, sare na yote. Kwa wiki nzima sikuwa nimesikia kicheko hicho. Nikajikuta nacheka mimi pia, ingawa sikuona kipi hasa cha kuchekesha.

Akaniambia usiku amepokea watoto hadi mikono ikamwuma, na kwamba hana moyo wa kumdhuru mzazi siku ya kwanza. Akaniagiza nimpeleke mbali, nyuma ya soko, kule kwenye uwanja wenye majani marefu. Na nitembee taratibu, nisimtikise mama wa watu.

Nimekwenda. Mtu mzima wa rika langu, nimebeba chupa kifuani chini ya koti, natembea kama ninayebeba mayai. Watu wakinisalimu naitikia bila kuinua mkono. Kule uwanjani nilimtafutia mahali pakavu chini ya gogo, nikalaza chupa, nikamwachia gazeti lake lote. Sitaandika kwamba nilisimama kuhakikisha watoto wote wametoka naye. Nilisimama kupumzika.

Niliporudi nyumbani nikakuta mapinduzi.

Mrundo, yaani makumbusho yangu, umehamishwa. Mke wangu, badala ya kulala, na Sindano, badala ya kushona, walikuwa wanaondoa bango la mwisho. Nyuma yake, kwenye pembe kati ya mabango na ukuta wa banda, ilikuwepo miji. Sio viota, miji. Pamba, nyuzi, majani, karatasi za bei za kazi zangu zilizotafunwa, na njia zilizosuguliwa mpaka zikang'aa, zinaingia bandani kupitia tundu lililokuwa nyuma ya bango la duka la viatu. Panya wote walikuwa wanaishi kwangu. Bandani walikuwa wanakwenda kula tu.

Na kuku, ambao walikuwa wamerudi juu ya uzio kutazama kazi, walikuwa wamewavamia panya waliokuwa wanakimbia. Mimi niliwahi kumwona Meneja akizunguka ua kwa kasi, wenzake nyuma yake, mkia wa panya ukining'inia mdomoni. Hakuna unyong'onyevu wowote. Alikuwa anaonekana kijana.

Nikauliza kwa nini sikungojwa. Mke wangu akasema walinisubiri tangu Jumatatu.

Mchana kutwa tumefanya kazi watatu. Wavu wa chuma wa matundu madogo sana, ambayo hata kidole hakipiti, umezungushwa chini yote ya banda na kufukiwa ardhini. Ule wavu wangu wa kuku wa zamani, Sindano alinionyesha bila maneno, alipitisha ngumi yake nusu. Chakula kimeingia kwenye pipa la bati lenye mfuniko, ambalo mke wangu alilileta kutoka jikoni mwa hospitali, lilikuwa la unga. Vyombo vya kulishia vitatolewa kila jioni. Majani yamefyekwa kuzunguka.

Nami nilitoa mchango wangu: nilishika misumari.

Paka wangu hayupo. Wamempaka chokaa. Nilisimama mbele ya ule ukuta mweupe kwa heshima, kofia mkononi. Ukitazama kwa upande, jua likipiga, unaona jicho moja kwa mbali. Sikumwambia mtu.

Lakini kuna jambo. Lile tundu kubwa, mke wangu amelifunika kwa bango la duka la viatu. Amelikata chini kidogo, akalipigilia nje ya banda, herufi zikitazama barabarani. Limefutwa vumbi. Yeyote anayepita njia sasa analiona, baada ya miaka yote ile gizani. Nilimwuliza kwa nini alichagua hilo. Akasema kwa sababu ndilo zuri kuliko yote.

Kuku wamelala kwao.

Jumamosi, 8 Juni

Afisa mifugo ni binti mwenye mabuti na sauti ya upole. Alianza kwa Sindano, akaandikaandika, akaja kwetu. Mtaa nao ukaja nyuma yake.

Nilikuwa nimevaa shati la kola. Nilimpokea mlangoni, nikamweleza asili ya lile neno KARIBUNI na ugumu wa herufi za kivuli. Alisikiliza kwa heshima. Akaniuliza kwa nini wavu umefukiwa. Nikamwambia kwa ajili ya urembo, usionekane ukingo wake. Akaniuliza vyombo vya chakula hutolewa saa ngapi. Nikamwambia hilo hutegemea. Akauliza hutegemea nini. Nikatazama bango la duka la viatu.

Basi akamgeukia mke wangu.

Mke wangu aliongea kwa kifupi, kama anavyoongea siku zote. Panya hafuati kuku, anafuata chakula. Kikifungiwa, hana safari. Panya huchimba, ndiyo maana wavu uko chini. Panya hupenda maficho, ndiyo maana hakuna kilichoegemezwa. Sumu hapana, na akaeleza sababu. Akambana Meneja kwapani, akawaonyesha namna ya kukagua miguu na manyoya kama kuna alama za kung'atwa, mikono yake inakwenda polepole, ile mikono inayoonyesha akina mama wapya namna ya kumshika mtoto. Watu walisogea. Hata mwenye bucha alisogea. Mwoka mikate aliuliza swali, akajibiwa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Afisa mifugo akafunga kalamu yake. Akasema mabanda yote mawili ni safi, la jirani na hili, ila angependa wafugaji waje kujifunza hapa, kwa sababu hapa kuna mwalimu. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Sindano. Alipiga kwa nguvu mpaka pini zikamdondoka kifuani.

Mke wangu alitazama chini, akamlainisha Meneja manyoya. Kisha akanitazama mimi. Mimi na sio mtu mwingine, katika umati wote ule.

Nikainyoosha kola ya shati langu, mtaa wote uone.

Jioni alikaa uani, viatu pembeni, kuku wamemzunguka. Ndoo nilikuwa nimeisugua mara kadhaa, siagi yote imetoka. Nilikuwa kibandani nasafisha brashi ambazo zilikuwa safi, nikamsikia anaimba.

Jumapili, 9 Juni

Nimepata utulivu wa kutafakari wiki nzima, na nikiweka mambo kwenye mizani picha ni hii.

Panya wameondoka; nilisema nitawaondoa. Banda la mfano ni letu. Nilisema litakuwa letu. Kuku hawaendi kwa dada yake. Mwalimu wa wafugaji ni mke wangu, na ni nani aliyemwona msichana huyo zamani kwenye foleni ya chanjo, akasema moyoni, huyu? Kulikuwa na watu wengi kwenye foleni ile. Hakuna mwingine aliyeona. Jicho ni jicho, liwe la kuchagua rangi au la kuchagua mke. Kwa hiyo ukifuatilia mpaka kwenye chanzo chake, kazi yote ya wiki hii imeanzia kwangu.

Mchana huu mwoka mikate alikuja kumtafuta. Wadudu wameingia kwenye stoo yake ya unga, anataka ushauri. Nikamwambia mwalimu amelala, ametoka zamu, asisumbuliwe. Mama wa watu akasema si kitu, atarudi kesho jioni. Nikamwambia hakuna haja ya kusubiri hadi kesho jioni wakati mtaalamu mwingine wa nyumba hii yuko wima mbele yake.

Maana mimi Ijumaa nilikuwa naangalia. Wengine walikuwa wanapigilia misumari. Mimi nilikuwa namwangalia Meneja. Kuku anayeweza kumaliza panya mzima, mdudu wa unga kwake ni kitafunio. Unawafungia kuku stooni kwa muda, kati ya magunia, wanadonoa, wanamaliza, unawatoa. Hakuna sumu, hakuna gharama, na mwoka mikate anabaki na unga safi. Nimeshangaa kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria.

Mwoka mikate aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia aulize mtaa.

Sindano amechungulia juu ya uzio, amenikuta natandika nyasi kwenye makapu. Ameuliza kwa upole kama nimemwambia mwenye kuku. Nimemjibu kwamba mwenye kuku anahitaji usingizi, na kwamba nitamweleza yote tukisharudi. Amevua miwani, ameifuta, ameivaa tena. Bila shaka ni kwa mshangao.

Meneja ameshaingia kapuni. Ametulia kabisa. Anajua yuko mikononi mwa nani.